Ikipata Moto Hunyamaza

Koleo, fundi wa pikipiki, alifika kituo cha polisi saa moja na nusu asubuhi, sanduku la spana begani, hajanywa hata chai. Ukungu ulikuwa bado umelalia uani, juu ya magari mabovu na baiskeli zilizokosa wenyewe. Inspekta alimsubiri kibarazani, daftari kwapani. Daftari hilo halikumtoka mkononi miaka ishirini na mbili, na askari wadogo walimwita Mama Daftari, ila akiwa amewapa mgongo.

“Ni breki tu?” Koleo aliuliza.

“Breki, taa, matairi. Mkuu wa kituo anataka ripoti ya fundi kabla ya saa kumi. Kesho saa tatu mtuhumiwa anapanda kizimbani.”

“Si ameshakiri?”

“Ameshakiri.”

“Sasa mtu akishakubali kuwa kala kuku, manyoya mnayahesabia nini?”

“Kwa sababu kuku hakujinyonyoa, fundi. Fungua sanduku.”

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Siku tatu nyuma, saa tatu asubuhi, katika ukungu kama huu, pikipiki ilimgonga mzee fundi saa kwenye mteremko wa kinu cha nafaka. Alikufa palepale. Aliyeona hakuna. Waliosikia ni watatu: mwoka mikate, mlinzi wa kinu na mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya mlango wake. Wote walieleza jambo moja. Pa! Pa-pa! Halafu kishindo. Walipopapasa njia katika ule weupe wakafika, walimkuta mchuuzi wa mboga amesimama kando ya maiti, pikipiki yake imelala ubavu. Vigae vya kioo vilivyookotwa mtaroni vilikuwa vya taa ya pikipiki hiyohiyo.

Mchuuzi huyo mtaa ulimwita Baruti. Jina alilipata miezi miwili nyuma, bomba la pikipiki yake lilipoanza kupayuka.

Maelezo yake yalijaza mistari sita. Alikuwa anatoka sokoni, kilomita kumi na mbili, bila mzigo kwa sababu malori ya mboga hayakufika. Hakusimama popote. Alipita nyumbani kwake, juu ya mteremko, akaendelea kushuka. Ukungu ukamziba macho. Pikipiki ilikuwa inalia pa-pa kama kawaida yake. Akagonga.

Koleo alifungua mfuniko wa tangi, akachungulia, akaunusa. Akapiga kiki. Injini ikashika. Akapiga resi, akauachia mkono wa mafuta.

Pa! Pa-pa!

Askari wa getini aliinama nyuma ya pipa la maji.

“Inuka, baba,” Koleo alimwambia. “Hii haina risasi, ina kikohozi.”

Akaiingiza gia, akatoka nayo kwenda kupima breki kwenye barabara kubwa. Inspekta aliisikia ikipayuka mpaka kwenye kona. Akaandika: *Saa mbili kasoro dakika kumi. Injini baridi. Inalia.*

Dakika ishirini na tano baadaye Koleo alirudi. Aliingia getini, akaachia mafuta, akateleza mpaka kibarazani kimyakimya kama paka aliyeiba.

“Breki nzima,” alisema. “Ya mbele inavuta kidogo kushoto. Tairi la nyuma ni kipara kama mimi.”

“Umeigusa nini njiani?”

“Sijaigusa kitu.”

“Mbona hailii?”

Koleo alipiga resi kubwa, akaachia. Injini ikashuka polepole, bomba likapumua tu. Akarudia mara tatu. Kimya.

“Hebu,” Inspekta alisema, akaiweka kalamu tayari. “Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua hata gurudumu.”

Koleo alichuchumaa. “Bomba kupayuka ni kama mtoto mchanga kulia. Kuna njaa, kuna usingizi, kuna sisimizi ndani ya nepi. Wewe unasikia kilio kimoja. Mama ndiye anayejua.” Akahesabu kwa vidole vyeusi vya oili. “Njaa ni kabureta kutoa petroli kidogo, hewa nyingi. Usingizi ni plagi mbovu, cheche inasinzia. Sisimizi ni hewa kupenya mahali isipotakiwa. Ikipenya kwenye bomba la moto unapoachia mafuta, petroli iliyobaki bila kuungua inawaka humo ndani. Ndiyo hiyo pa.”

“Hii ni ipi?”

“Tuitazame.”

Alichomoa plagi kwa kitambaa, isimwunguze. Ncha yake ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. “Huyu halali,” alisema, akairudisha. Akawasha tena, akachukua chupa ya maji yenye kinyunyizio, akanyunyiza kuuzunguka mpira unaounganisha kabureta na injini. Injini haikushtuka. “Mpira mzima. Ungekuwa umepasuka angemeza maji akakohoa.” Akageuza skrubu ndogo ya kabureta nusu mzunguko huku, nusu kule, akisikiliza, kisha akairudisha ilipokuwa. “Petroli inatosha. Hana njaa.”

“Kwa hiyo sisimizi.”

“Kwa hiyo sisimizi. Na ni sisimizi wa baridi.” Aligonga kwa bisibisi mahali bomba linapoungana na silinda. “Nadhani ni hapa. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinajiziba chenyewe. Kikipoa kinanywea, mwanya unafunguka. Lakini siapi kwa kudhani. Iache ipoe kabisa, nitakuonyesha.”

“Itachukua muda gani?”

“Kwa ubaridi huu? Saa mbili na ushee.”

Inspekta akatazama saa yake. Akafunga daftari.

“Usiiguse,” alisema. “Na usiruhusu mtu aiguse.”

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili, na dirisha dogo lililopakwa rangi nyeupe mpaka juu. Baruti aliletwa bila mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, mikono mikubwa ya kubeba magunia.

“Afande, nimeshasema yote.”

“Najua. Nataka kusoma tu, usije ukasema nimekuandikia maneno yangu.” Akafungua maelezo. “Ulitoka sokoni.”

“Ndiyo.”

“Bila kusimama.”

“Bila kusimama.”

“Kilomita kumi na mbili.”

“Zinafika.”

“Na kwenye mteremko ilikuwa inalia.”

“Inalia siku zote. Muulize yeyote.”

“Nimewauliza. Wanaisikia alfajiri unapoondoka. Mwoka mikate anasema ndiyo saa yake ya kuamkia. Nikamuuliza, na akirudi je? Akafikiri sana. Akasema, akirudi huwa namwona tu.”

Baruti alitazama meza.

“Wewe ndiye unayeikalia kila siku, mwanangu. Hujawahi kugundua kwamba ikipata moto inanyamaza?”

Inspekta aligeuza ukurasa.

“Nakusomea nilichoandika mimi, si wewe. Pikipiki iliyomgonga fundi saa ilikuwa inalia. Kwa hiyo ilikuwa baridi. Kwa hiyo haikutoka sokoni. Iliwashwa hapohapo juu, ikateremka.”

“Basi niliiwasha nyumbani. Nilikosea kusema. Andika nyumbani.”

“Ulikuwa unakwenda wapi?”

“Sokoni.”

“Soko liko upande wa pili. Mteremko unakupeleka kwenye kinu.”

“Basi kwenye kinu.”

“Kufanya nini?”

Nje mtu alikuwa anavuta ndoo juu ya sakafu ya saruji, na mkwaruzo ule ukasikika mpaka mwisho wa ukumbi.

“Nilipokuambia inalia, ulikubali,” Inspekta alisema. “Nikikuambia ilikuwa inaimba ungekubali. Mwongo mzoefu hubishana na wewe hapa na pale ili umwamini. Wewe hujazoea.”

Baruti aliinama mpaka paji la uso likakaribia meza.

“Andika ni mimi, mama,” alisema, na neno afande alikuwa ameshalisahau. “Nakuomba kama mwanao. Mimi bado kijana. Nitaingia jela na nitatoka nikiwa bado naona.”

Inspekta hakuinua kalamu. Akamwita askari amrudishe.

Alipobaki peke yake alifungua kurasa za nyuma, siku ya pili ya uchunguzi, alipokwenda nyumbani kwa mtuhumiwa. Alikuwa ameandika kila kitu, kama ada yake, chenye maana na kisicho na maana. *Mke: amelia, anajibu haraka. Anaomba mzee asiambiwe kuhusu kifo wala mwanawe kukamatwa, moyo wake mbovu. Kaambiwa kijana amesafiri. Baba mtu, dereva wa malori mstaafu, wanamwita Mzee Usukani. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mguu wa kulia umefungwa kitambaa chini ya goti. Kamwagikiwa na chai. Kanitegea kitendawili, nimeshindwa.*

*

Saa tano kasoro robo Koleo aliweka kiganja juu ya bomba, akakiacha hapo.

“Baridi kama mkwe,” alisema.

Alikuwa amekoroga sabuni ya kufulia kwenye kopo. Alipaka povu zito kuzunguka maungio ya bomba na silinda, kisha akaomba Inspekta ainame karibu. Akapiga kiki. Papo hapo povu likaanza kutumbuka upande wa chini, mapovu madogo yakifukuzana.

“Unamwona sisimizi?”

Akapiga resi, akaachia. Pa! Pa-pa!

Inspekta akaandika saa, akamwita askari wa getini aje asikie na aweke sahihi. Askari alikuja safari hii bila kuinama.

“Kitendawili,” Koleo alisema akizima injini.

“Tega.”

“Akiwa na baridi hupayuka, akipata moto hunyamaza.”

“Hicho nimekitegua tangu asubuhi. Nataka kujua kwa nini kuna mwanya.”

Koleo hakucheka. Alichukua spana, akafungua nati mbili, akavuta bomba. Kutoka kwenye tundu la silinda alikongoa pete nyembamba ya shaba. Upande mmoja ulikuwa umeng’aa. Upande wa pili ulikuwa mweusi wa masizi, moshi ulipokuwa ukijipitia. Akaiweka kiganjani, akaitazama kama mtu aliyeletewa barua aliyoiandika mwenyewe.

“Hii ni kazi yangu,” alisema.

“Eleza.”

“Miezi miwili iliyopita aliniletea, bomba linacheza. Nikamwambia pete imechoka, tununue mpya. Akasema ana haraka, wateja wanamsubiri, weka hiyohiyo. Sisi mafundi tunafanya hivyo, Inspekta. Pete ya shaba unaichoma motoni mpaka iwe nyekundu, unaitumbukiza majini, inalainika, inaziba upya. Mara ya pili inakubali. Mara ya tatu inakudanganya. Hii ilikuwa ya tatu. Nilijua. Nikamwambia njoo wiki ijayo tubadilishe. Hakuja, na mimi sikumkumbusha. Mtaa ulicheka, nami nikacheka.”

Inspekta alifungua bahasha. Koleo akaidondosha pete ndani. Bahasha ikaandikwa tarehe na saa, ikafungwa, wote watatu wakatia sahihi.

“Una pete mpya?”

“Ninayo.”

“Ifunge. Iwashe ipate moto, kisha iache ipoe kama mwanzo. Kama sisimizi ni huyo mmoja tu, tusikie akiwa hayupo. Sitaki mtu aniulize kesho kama kulikuwa na sababu nyingine.”

Koleo alipiga goti kuanza kazi, na suruali yake ikapanda. Upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia alikuwa na kovu, pana kama jani, lililokwajuka zamani.

“Hilo la nini?”

“Hili? Muhuri wa pikipiki.” Akapapasa bila kutazama. “Bomba liko kulia. Ukianguka nalo, linakubusu ndani ya mguu. Mzoefu hujua kutoa mguu. Mgeni, au mtu aliyeacha kupanda siku nyingi, ndiye anayebusiwa.”

Inspekta alisimama palepale, bahasha mkononi.

“Chai ikikumwagikia umekaa,” aliuliza taratibu, “inakuunguza wapi?”

“Mapajani. Wapi tena?”

*

Nyumba ya Baruti ilikuwa ya vyumba viwili na ua mdogo. Banda la pikipiki lilikuwa tupu, doa la oili katikati yake. Mke wa Baruti alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Alipomwona Inspekta, mikono ilisimama.

“Mama, tulikubaliana.”

“Tulikubaliana kabla sijajua, binti yangu.”

“Atakufa.”

“Na mumeo je?”

Mwanamke aliweka ungo chini. Alichosema alikisema wima. “Aliamka kwa ule mlio. Alisema, baba kachukua pikipiki, akavaa viatu tu, akakimbia. Nami nyuma yake. Tulipofika, alinisukumia mzee, akasema mrudishe nyumbani, katika ukungu huu hakuna aliyekuona. Nikamshika mkono, tukapanda. Nyuma yetu nikasikia watu wanafika. Sikugeuka.”

“Mzee anajua nini?”

“Mume wangu alimwambia amegonga gunia la makapi mbele ya kinu.”

Mzee Usukani alikuwa ameketi chumbani karibu na dirisha, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Mbele yake palikuwa na ubao wa drafti, vizibo vya soda vimesimama katikati ya mchezo. Ukutani saa ilikuwa imekufa saa nane na robo. Macho yake yalikuwa na weupe wa maziwa yaliyokatika, lakini uso aliuelekeza mlangoni kabla hajasemeshwa.

“Hizo ni hatua za yule mgeni aliyeshindwa kitendawili,” alisema. “Karibu, mwanangu. Umekuja kunipa mji?”

“Nimekuja kulipiza, mzee. Leo zamu yangu. Kitendawili.”

“Tega.”

“Akiwa na baridi hupayuka, akipata moto hunyamaza.”

Mzee alikuwa ameinua kidole, tayari kucheza. Kidole kikabaki hewani. Mlangoni mke wa mwanawe alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

“Pikipiki ya mwanangu,” mzee alisema. “Hupayuka kutoka hapo bandani mpaka kwenye barabara ya soko. Nahesabu kila alfajiri. Akirudi simsikii mpaka afungue geti.” Kidole kilishuka, kikagusa kizibo kimoja, hakikukisogeza. “Wewe si mgeni wa kawaida.”

“Mimi ni polisi, mzee.”

“Nilidhani utachelewa zaidi.”

Hapakuwa na kiti kingine. Inspekta aliketi pembeni mwa kitanda.

“Mguu ulikuunguza nini?”

“Bomba. Huyu binti anasema chai, na mimi nasema chai.” Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilofika popote. “Miaka thelathini na moja nimeendesha malori, sijamwua hata kuku. Saa yangu hiyo ya ukutani ilisimama. Nikasema, kijana amelala, malori ya mboga hayaji, ule mteremko naujua kwa mgongo, nitafika kwa fundi saa nimwambie aje aitazame, tumalizie na mchezo wetu. Zamu ilikuwa yake.” Akagusa tena kizibo. “Wakaniambia nimegonga gunia.”

“Ukaamini?”

“Magunia nimepakia maisha yangu yote, mwanangu. Gunia halimwiti mtu jina lake.”

Khanga mlangoni ilitoa sauti iliyozibwa.

“Aliniita mara moja,” mzee alisema. “Halafu basi. Kijana wangu akaja akanidanganya, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa huruma. Nikaona, akijua kwamba najua, atakuwa na mizigo miwili. Nikamwachia mmoja. Nikanyamaza. Kila siku nasubiri arudi safari nimwambie. Amechukua safari ndefu.”

“Hajasafiri, mzee.”

Mzee Usukani aligeuza uso polepole kumfuata.

“Yuko ndani. Alikubali kuwa ni yeye. Kesho saa tatu asubuhi atakubali mbele ya hakimu, na baada ya hapo neno langu halitakuwa na uzito.”

Mzee akaushusha mguu kutoka kwenye kigoda, akapapasa ukuta.

“Binti,” alimwita mke wa mwanawe, “nipe koti langu. Lile la kazi.”

*

Waliteremka kwa miguu, mzee akishika kiwiko cha Inspekta. Ukungu ulikuwa umeinuka, lakini kwake ulikuwa uleule. Mbele ya kinu alisimama bila kuambiwa, akavua kofia, akaivaa tena. Mwoka mikate alitoka dukani na unga mikononi, akawatazama, hakusalimia.

Walifika kituoni saa tisa kasoro. Uani Koleo alikuwa ameketi kwenye sanduku lake. Alipomwona mzee alisimama haraka mno, spana zikaanguka.

“Huyo ni fundi?” mzee aliuliza.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba. Una habari gani?”

Koleo alimtazama Inspekta. Inspekta akaitikia kwa kichwa.

“Imepoa kabisa,” Koleo alisema. “Pete mpya. Sikilizeni.”

Akapiga kiki. Injini ikashika mara ya kwanza. Akapiga resi mpaka ua mzima ukatetemeka, kisha akauachia mkono. Mlio ulishuka, ukashuka, ukatulia. Hakuna pa. Akarudia. Hakuna. Askari wa getini, ambaye alikuwa ameshafumba jicho moja, alilifumbua.

“Imepona,” Koleo alisema, karibu kwa kunong’ona.

Inspekta akaandika saa. Mzee Usukani alikuwa ameinamisha kichwa upande wa injini, anasikiliza kama mtu anayetafuta sauti moja ndani ya umati.

“Siku ile ingekuwa hivi, fundi,” alisema, “mwanangu asingeamka.”

Koleo akazima injini. Hakujua pa kuweka mikono yake, akaifuta kwa kitambaa, akaendelea kuifuta.

“Kuna ngazi tatu, mzee,” Inspekta alisema mlangoni. “Nikuhesabie?”

“Usinihesabie. Niambie tu yuko upande gani.”

“Kulia. Mlango wa mwisho.”

Mzee akauachia mkono wake, akaweka kiganja ukutani, akaanza kupanda.